Mtoto wa Mvua: Umri na Sikukuu Katika Milima ya Iveti

Ukimwuliza ajuza wa Kathiani alizaliwa tarehe gani, yamkini atacheka kwanza. Kisha atakutolea kitambulisho chake, nacho aghalabu kitakuonyesha mwaka mtupu, au tarehe 1 ya Januari, siku ambayo wazee wengi wa Kenya wameandikiwa, kana kwamba kizazi kizima kiliingia ulimwenguni asubuhi moja. Hiyo ni tarehe ya karani. Tarehe yake mwenyewe imewekwa mahali pengine, nayo ni ndani ya jina lake. Akiitwa Mumbua, basi ipo mvua iliyonyesha. Akiitwa Wayua, ilikuwako njaa.

Kathiani ni mji mdogo katika Milima ya Iveti, kaskazini ya mji wa Machakos. Nchi ya huko imepanda na kushuka. Mashamba yamekatwa kama ngazi kwenye miteremko, na kila bonde lina mto ambao kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga tu. Mvua huja mara mbili. Masika, ambayo Wakamba huiita uua, hunyesha kuanzia Machi hata Mei. Vuli, ambayo huiita nthwa, huanza Oktoba na kuishia Desemba. Mgeni aliyetoka pwani atadhani masika ndiyo mvua kubwa ya kutegemewa, lakini Ukambani sivyo. Huko mkulima huweka matumaini yake zaidi katika vuli, na vuli ikikosa kuja, hana budi kuanza kuhesabu kile kilichobaki ghalani.

Watu wanaoishi kwa kungojea mvua namna hiyo, si ajabu wakiifanya kuwa kalenda yao. Katika Kikamba mvua ni mbua, na njaa ni yua. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambua, na msichana Mumbua au Syombua. Aliyezaliwa usiku ni Mutuku, wa asubuhi ni Kioko. Yule ambaye mama yake alishikwa na uchungu safarini huitwa Kyalo, yaani safari. Na yule aliyezaliwa wakati jamaa wanahama huitwa Muthama. Jina la namna hii ni habari fupi ya siku ile, iliyoandikwa juu ya mtu badala ya kuandikwa juu ya karatasi.

Habari yenyewe haikuandikwa mara moja. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, na ambaye alieleza desturi za kwao katika vitabu vinavyosomwa dunia nzima, ameandika kwamba mtoto wa Kikamba alipewa jina siku ya tatu. Siku ya nne baba alimvika mkufu shingoni. Hapo ndipo mtoto alipohesabiwa kuwa mtu kamili. Kabla ya hapo alikuwa bado kama mali ya mizimu. Basi tukisema kwamba watu wa zamani hawakuwa na siku ya kuzaliwa, tunasema neno lisilo kweli. Walikuwa nayo, tena ilikuwa ya siku kadhaa, ikafanywa kwa chakula na kwa mkusanyiko wa wanawake. Walichokosa ni kuirudia kila mwaka. Siku ile ilikuja mara moja, ikaisha, na jina likabaki kuwa ukumbusho.

Lakini mwanafunzi wa historia asiharakishe kuyaamini majina yote kwa namna moja. Wakamba, kama majirani zao wengi, huwarudisha wazee kwa njia ya wajukuu. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake, na wengine wakafuata. Kwa hiyo unaweza kumkuta Mumbua aliyezaliwa mwezi wa Agosti, wakati ardhi imekauka hata inapasuka. Mvua iliyomo katika jina lake si yake. Ni mvua ya bibi yake, au ya bibi wa bibi yake, iliyonyesha siku ambayo hapana mtu aliye hai leo aliyeiona. Jambo hili humsumbua mtu anayetafuta tarehe. Mimi naliona kuwa zuri kuliko tarehe.

Miaka nayo ilikuwa na majina yake, na majina hayo mengi ni ya njaa. Njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899 huitwa Ngomanisye, maana yake ile iliyoenea kila mahali. Mvua zilikosa kuja. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupunguzwa na sotoka katika miaka iliyotangulia. Kisha ndui ikawaangukia watu ambao miili yao ilikuwa dhaifu kwa njaa. Wakati uo huo reli iliyotoka Mombasa ilikuwa inapita katika nchi ya Ukambani, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya serikali ya jimbo yakahamishwa kutoka Machakos yakapelekwa huko. Vitabu vya shule huueleza mwaka ule kwa habari ya reli. Katika nyumba za Iveti mwaka ule uliitwa kwa jina la njaa, kwa maana njaa ndiyo iliyoingia nyumbani.

Njaa ya miaka ya Vita Vikuu vya Pili na baada yake iliitwa Mwolyo. Neno hili lilikuwa jina la chakula cha msaada kilichogawiwa na serikali, nalo limedumu. Hata leo Mkamba akisema mwolyo, anamaanisha chakula cha kugawiwa bure. Njaa ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani, nafa huku nimeshika. Kilichoshikwa ni fedha. Watu walikuwa na shilingi mkononi, lakini dukani hapakuwa na unga wa kununua. Katika maneno mawili tu mambo yote ya uchumi wa mwaka ule yameelezwa, nami sijui mtaalamu aliyeyaeleza kwa ufupi zaidi.

Na tuingie sasa ndani ya nyumba, siku dhoruba ya kwanza ya vuli inapokuja.

Katika nyumba ya msonge ya zamani, iliyoezekwa kwa nyasi, paa lilikuwa linatunza vitu viwili: watu na mbegu. Magunzi ya mahindi yaliyochaguliwa kwa kupandwa yalitungikwa juu ya mafiga, ili moshi uwafukuze wadudu. Kwa hiyo paa lililovuja halikuleta baridi tu. Tone la maji likiangukia mbegu usiku kucha, mbegu huchipuka au huoza kabla ya kufika shambani. Mama alikuwa akiangalia nyasi za paa tangu Septemba, na mume akiwa yuko nyumbani alipaswa kuzitengeneza kabla upepo haujageuka. Mawingu yakiisha kukusanyika, watoto waliingiza wana-mbuzi ndani, vyungu na vibuyu vikatolewa nje kukinga maji, kwa kuwa maji ya mvua yalimpunguzia mama safari ya mtoni. Kisha mlango ukafungwa, na ngurumo zikaanza kuviringika kutoka kilima hadi kilima. Mvua ya mawe ilipopiga, wazee walinyamaza, wakisikiliza. Walikuwa hawasikilizi paa; walikuwa wakisikiliza shamba.

Maana hofu kubwa ya dhoruba katika Iveti haikuwa juu ya nyumba. Mvua ya huko huanguka kwa nguvu nyingi katika saa chache, tena huanguka juu ya mteremko ambao jua limeukausha kwa miezi mitano. Maji hayapati nafasi ya kuzama. Hukimbia, na yanapokimbia hubeba udongo. Mwaka 1937 bwana mmoja wa serikali, Colin Maher, aliizunguka nchi ya Machakos na kuandika taarifa juu ya udongo wake. Alichokiona kilimtisha: makorongo yamekatwa milimani, malisho yamekuwa vipara vyekundu, na kwa maoni yake nchi ilikuwa inageuka kuwa jangwa.

Dawa ambayo serikali iliitoa kwanza ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wa watu wa Iveti walikamatwa wakauzwa kwa bei ndogo, na wengi wao walikusudiwa kiwanda cha nyama kilichokuwa kimefunguliwa Athi River. Katika nyumba ya Kikamba ng'ombe alikuwa akiba ya njaa na mahari ya kijana; kumchukua ng'ombe ilikuwa ni kuuchukua mwaka ujao na arusi ijayo kwa pamoja. Basi mwezi wa Julai mwaka ule, watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakakataa kuondoka. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali iliacha kuwakamata ng'ombe. Natamani mwanafunzi ayatazame tena maneno yale, wanawake na watoto. Jamaa nzima zilifunga mizigo na vyungu, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake Nairobi alikuja kuambiwa baadaye: wewe ulikuwa hujaanza kutembea wakati wa ng'ombe. Huo ukawa umri wake.

Udongo, hata hivyo, ulikuwa kweli unaondoka, na ushindi wa watu haukuuzuia. Kilichokuja kuuzuia ni jembe. Baada ya vita serikali ililazimisha kazi ya kuchimba matuta, na kazi ile ilichukiwa, kama inavyochukiwa kazi yoyote ya kulazimishwa. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa sababu waume walikuwa Nairobi, au Mombasa, au jeshini. Lakini Wakamba tangu kale walikuwa na desturi yao ya kusaidiana kazi, iitwayo mwethya, ambayo majirani hulima leo kwa huyu na kesho kwa yule. Katika miaka ya 1950 watu wakaruhusiwa kuchimba kwa mwethya wa kujichagulia, na kazi ikabadilika sura. Wakachagua pia namna ya tuta. Badala ya kuutupa udongo upande wa chini wa mtaro, waliutupa upande wa juu, ukawa ukingo. Wakaupanda nyasi za kulisha ng'ombe. Na kila mvua iliyokuja ikaleta udongo kidogo nyuma ya ukingo, hata baada ya miaka shamba lililoinama likawa sawasawa kama sakafu. Njia hii iliitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa limo katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi za mbali, ambao pengine hawalijui neno jingine la lugha yetu.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba wilaya ya Machakos, iliyokuwa na watu kama 240,000 katika miaka ya 1930, ilikuwa na watu kama 1,400,000 mwaka 1990, na bado udongo wake ulikuwa unatunzwa vizuri kuliko wakati wa Maher. Wataalamu wengi walistaajabu. Mama wa Kathiani, ambaye asubuhi baada ya dhoruba hutoka na jembe kutazama ukingo gani umebomoka hata kabla hajapika uji, hangestaajabu sana.

Ilitokea pia kwamba mvua ya vuli na sikukuu zilikutana katika mwezi mmoja. Misheni zilipoingia Ukambani zilileta Krismasi, na ajira ya Nairobi ikaleta likizo ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Desemba ukawa mwezi wa baba kurudi. Alishuka katika basi na mzigo wa sukari, chumvi, na kitambaa cha nguo ya mama. Viatu vyake vya mjini vikajaa matope kabla hajafika mlangoni. Nyumbani alikuta kunde zimetoa majani ya mboga, mahindi yamefika kiunoni, na magugu yanashindana nayo. Alipumzika siku moja, na siku ya pili akapewa jembe. Krismasi yenyewe ilikuwa na ibada, na mbuzi ikiwa yupo, na ndugu wakatembeleana kutoka kilima hadi kilima. Lakini mvua ilipoacha kidogo mchana, hata siku kuu watu walitazama mbingu na kuyafikiria magugu. Watoto walijua tofauti moja tu kati ya siku hizi na nyingine, kwamba baba yuko. Aliyezaliwa mwaka ambao baba alirudi baada ya kukaa sana ugenini aliweza kuitwa Musyoka, yaani aliyerudi.

Miaka ambayo wazee wa leo huikumbuka zaidi ya yote ni 1961 hadi 1963, maana katika miaka hiyo njaa, dhoruba na sikukuu zilifuatana kama mabehewa. Kwanza ukame uliikausha Ukambani. Kisha, mwezi wa Oktoba na Novemba 1961, mvua ikaja, na ilipokuja haikujua kiasi. Mito ya Afrika ya Mashariki ilifurika, njia na madaraja yakachukuliwa. Ziwa Viktoria lilianza kupanda, na hata kufika mwaka 1964 maji yake yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Ukambani jambo likawa la ajabu: watu waliokuwa na njaa kwa kukosa mvua sasa hawakufikiwa na chakula kwa sababu ya mvua. Magari hayakupita. Chakula cha msaada kikaangushwa kutoka angani kwa ndege, na kwa hiyo njaa ile ikaitwa Ndeke, yaani ndege. Mtoto aliyezaliwa wakati ule aliweza kupewa jina la njaa au jina la mvua, na yote mawili yangekuwa kweli.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, katikati ya vuli nyingine, bendera ya Kenya ikapandishwa Nairobi usiku wa manane. Mwaka uliofuata, siku ile ile, nchi ikawa jamhuri. Hivyo Desemba ukapata sikukuu ya pili, nayo pia imeangukia wakati wa kupalilia. Wanasiasa hawakuwauliza wakulima wa Iveti juu ya tarehe hiyo.

Sasa turudi kwa karani. Serikali ya kikoloni ilianza kudai umri wa watu kwa sababu ya kodi na kazi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nayo ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 achukue karatasi yake. Lakini nani aliyejua miaka 16? Kijana alisimama mbele ya meza, akatazamwa kimo na uso wake, na mtu mwingine akamkatia shauri. Akionekana mkubwa, alikuwa mkubwa, na kodi ikamwangukia siku ile ile. Mama yake, aliyejua kwamba alizaliwa vuli ya pili baada ya njaa fulani, hakuulizwa.

Uandikishaji wa vizazi na vifo, uliokuwa wa lazima kwa Wazungu na Wahindi tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulianza kuwa wa lazima kwa Waafrika wilaya baada ya wilaya tangu 1963, na kufika mwaka 1971 ulikuwa umeenea nchi nzima. Hata hivyo watu wazima walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Basi katika hesabu za watu zilizofanywa baada ya Uhuru, makarani walipewa orodha za matukio ya kila wilaya ili wakadirie umri wa wazee, na katika orodha hizo yamo majina ya njaa. Hivyo serikali ikarudi kwenye kalenda ya ajuza yule yule, ikamwuliza: ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Mwolyo? Ulikuwa umeolewa wakati wa Ndeke?

Watoto wa Kathiani wa siku hizi huzaliwa hospitalini na kupata cheti. Tarehe yao ikifika, huletewa keki, na vijana wenzao huwamwagia ndoo ya maji mpaka nguo zikachuruzika, desturi ambayo imeenea katika miji na shule za Kenya, wala hapana anayeweza kusema kwa hakika ilianzia wapi. Bibi wa nyumba hutazama akicheka. Yeye ana shughuli yake na tarehe. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikiwapa wazee waliotimiza miaka 70 posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi, na miaka hiyo 70 husomwa katika kitambulisho, si katika jina. Karani aliyemtazama usoni siku ya kuandikishwa, akamwona kijana kuliko alivyo, alimpunguzia miaka kwa mstari mmoja wa kalamu. Majirani wote wanajua kwamba bibi alikuwa akichunga mbuzi wakati ndege zilipoangusha magunia. Anaweza kukutajia ni bonde gani maji yalipopasua njia, na ni mbuzi wangapi walichukuliwa. Ofisini anaambiwa angojee bado.